Mpaka Niliouchoma Moto

Juzi jirani wa shule yetu hapa Kasulu alifyeka uzio wake wa minyaa akauchoma, na moshi ukaingia mpaka darasani. Moshi wa minyaa mibichi si moshi wa kuni. Unawasha puani, unakaa machoni, na ukijifuta ndiyo umeharibu. Wanafunzi walikohoa na kucheka. Mimi nilisimama na chaki mkononi nikajikuta nina miaka tisa, nimefungiwa nyumbani kwetu kijijini, upande wa Kibondo.

Niseme mapema kwamba kufungiwa kwenyewe hakukuwa na kufuli. Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Alituachia nyumba ya matofali ya kuchoma, migomba, kahawa kidogo, na shamba la maharage lililoshuka hadi bondeni. Alituachia pia kaka yake, baba mkubwa Gwimo, ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu, ng'ambo ya mstari wa minyaa. Kwetu minyaa ndiyo mpaka. Ukishapandwa, hata walevi wanauheshimu.

Baba mkubwa hakuwa mtu wa kelele. Matanga yalipoanuliwa alikuja, akaomba maji, akanywa taratibu, ndipo akasema, "Shemeji, ungekuwa umemzalia marehemu mtoto wa kiume, nisingekuwa na neno. Huyu Skola ataolewa, ataenda kwa watu. Ardhi ni ya ukoo. Ukitaka kukaa, kaa. Siku ukiondoka, umeondoka."

Mimi niliyasikia nikaona ni maneno mazuri, si amesema tukae? Mama aliyaelewa vizuri zaidi. Kwa desturi ya pale, mjane akilala kwingine na nyumba yake ikapambazuka bila moshi, huhesabiwa kwamba amerudi kwao, na ndugu wa mume wanaweza kuingia na majembe yao. Ndiyo maana mke wa baba mkubwa alifagia uwanja wake kila alfajiri huku macho yake yako kwenye paa letu. Nilidhani ni mama anayependa usafi.

Basi mama akaacha kulala nje. Harusi hakwenda, kipaimara cha mtoto wa rafiki yake hakwenda. Alipougua malaria alipelekwa hospitali Kibondo, akatoroka jioni ile ile na plasta ya dripu mkononi. Nilimsumbua twende Kasulu kwa bibi, mama yake mzazi, ambaye alikuwa akinikaangia karanga. "Tutakwenda," alisema kila mara, "tukishaandikwa." Sikujua tunaandikwa wapi. Nilijua tu kwamba nyumba yetu ilikuwa imetushika miguu, na niliichukia.

Kuandikwa kulikuwa hivi. Kijiji kilikuwa kinapimwa ili watu wapewe hati za kimila, na mwenyekiti alitangaza kwamba kitongoji chetu ni siku ya Ijumaa. Kila mwenye shamba asimame mpakani na majirani zake, waonyeshe, waweke saini. Asiyekuwepo atasemewa na waliopo. Mama alisema fimbo ya mbali haiui nyoka, akaanza kuhesabu siku.

Jumatatu simu ikaja kwamba bibi amezidiwa. Mama alizunguka uwanjani mpaka kuku wakamkwepa. Akinichukua, nyumba inabaki tupu. Akibaki, mama yake anamwita. Mwishowe akakata shauri: ataondoka Jumanne alfajiri, atarudi Alhamisi, na mimi nitabaki. Mama Levina, jirani yetu wa upande wa migomba, atakuja kulala nami.

"Alfajiri moto. Mchana moto. Jioni moto," aliniambia akijifunga kanga. "Na usivuke minyaa hata ukiitwa na padri."

Siku ya kwanza niliiweza. Mchana mke wa baba mkubwa alikuja hadi kwenye minyaa akaita kwa sauti laini, "Skola, mwanangu, njoo ule huku. Tumepika mgebuka. Na ulale na dada zako, utakaaje peke yako?" Harufu ya samaki yule ilikuwa imeshafika kabla yake. Nilimjibu nimeshiba, nami nilikuwa nimekula kipande kimoja tu cha muhogo baridi tangu asubuhi. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Usiku ule mvua ilinyesha ikaingia jikoni, ikalowanisha kuni zote. Mama Levina aliondoka mapema kwenda shambani kwake, akaniacha nimeinamia makaa mawili matatu yaliyokuwa yanakata roho. Kuni zilikuwa mlimani, nje ya mpaka. Nikachungulia mlangoni, nikamwona mke wa baba mkubwa ameshika ufagio, hafagii, anatazama paa. Nilitazama huku na huku ndani ya uwanja wetu, na kitu pekee cha kukatwa kilichokuwa ndani ya amri ya mama kilikuwa minyaa yenyewe. Nilikuwa nimekatazwa kuivuka. Kuikata hakuna aliyenikataza.

Nikachukua panga. Nilikata mmoja, nikaweka magunzi makavu chini na ule mnyaa juu, na moshi ukatoka mnene, mweupe, wa kuonekana mpaka Nyabibuye. Nilifurahi mno. Moto ulipofifia nikakata mwingine, na mwingine, mpaka mstari mzima wa upande wa baba mkubwa ukalala chini. Utomvu ulinirukia usoni, macho yakavimba, nami nikazidi kujisifu kwamba hakuna mtoto mtiifu kama mimi katika wilaya ile.

Saa tatu Mama Levina alirudi mbio. Wapimaji walikuwa wamemaliza bondeni mapema na wangefika kwetu siku ile ile, na tayari alikuwa amempigia mama simu. Alipoona uwanja ulivyo wazi alijishika kichwa. "Skola, umechoma mpaka," alisema. "Umechoma ushahidi wenu kwa mkono wako."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, nikaingia chini ya kitanda.

Mama alifika saa nane kwa bodaboda, tope mpaka magotini. Watu walikuwa wameshasimama uwanjani: mwenyekiti, kijana wa vipimo na kifaa chake mkononi, majirani, na baba mkubwa. Nilitoka uvunguni nikasimama mlangoni. Mama alitazama mahali palipokuwa na minyaa, akanitazama mimi na macho yangu yaliyovimba. Alitoa jembe ukutani.

"Mpaka uko wapi hapa?" baba mkubwa alikuwa anamuuliza mwenyekiti kwa upole. "Mimi naona uwanja mmoja tu. Aliyeung'oa anajua kwa nini kaung'oa."

Mama akaanza kuparua majani kwa jembe. Kisiki cha kwanza kikatokea, kinatoa utomvu mweupe. Cha pili, cha tatu. Simu ikalia. Akaiweka sikioni, akasikiliza, akasema, "Ndiyo. Nimesikia." Akaifunga kwenye pindo la kanga akaendelea kuparua mpaka mstari wote ukaonekana. Kisha akamgeukia baba mkubwa.

"Shemeji, minyaa hii ulipanda na nani?"

Baba mkubwa aliangalia visiki kwa muda mrefu. Alikuwa na watoto wa kiume wanne na shamba lisilowatosha wawili, hilo nalielewa leo, siku ile nilimwona mchawi tu. Lakini kwetu hakuna anayemsingizia marehemu mpakani.

"Na mdogo wangu," akasema.

"Mlianzia wapi?"

Akatembea polepole mpaka kwenye kisiki cha kwanza, akaweka mguu wake hapo. Kijana akachukua alama. Karatasi ilipokuja, baba mkubwa aliweka dole gumba, majirani wakafuata, na mama akasema kwa sauti kavu, "Huyu mtoto naye mwandikeni. Anaitwa Skolastika."

Walipohamia shamba la mbele, mama aliweka jembe chini, akakaa kwenye tope, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nilijua ni kwa ajili ya minyaa. Nikaenda nyuma ya nyumba nikatafuta fimbo nzuri, nikamletea mwenyewe. Aliipokea, akaishika tu mapajani. Kesho yake tulifunga mlango tukaenda Kasulu kumzika bibi, nyumba ikakaa siku nne bila moshi na hakuna aliyeigusa. Nami niliendelea kusubiri kuchapwa kwa wiki kadhaa.

Nilikuwa nimeshaanza kazi ya ualimu pale mama mdogo, mdogo wake mama, aliponiambia saa aliyokufa bibi. Ilikuwa mchana ule wa vipimo, na dada yake ndiye mtu wa kwanza waliyempigia simu. Nilipanga mambo kichwani. Kwetu msiba ukishatajwa, jembe linawekwa chini. Wanawake wangejaa uwanjani, mwenyekiti angeahirisha, wapimaji wangepita kwenda kijiji kingine, na visiki vingekauka na kuota majani. Mama aliujua msiba wake tangu kisiki cha tatu, akauficha mdomoni mpaka jina langu likaandikwa.

"Bibi yako alikuwa anamuulizia mama yako," mama mdogo aliniambia. "Yeye akainuka akaondoka, akafuata udongo."

Mpaka leo hajamsamehe dada yake. Hati ninayo sandukuni, ina majina mawili. Mama yangu siku ile alikuwa mtoto wa mtu na mama wa mtu, na hakuachiwa nafasi ya kuwa vyote viwili. Alinichagua mimi, na mimi nikamletea fimbo.