Hela niliyoikuta kwenye gunia la mpunga ilivunja nyumba ya watu Makwale

Wakuu, salamu kwenu. Hii sijawahi kuiandika popote, na siongezi chumvi maana yenyewe inatosha.

Miaka ile biashara ilipokuwa huria, sisi vijana wa Kyela mjini tuliingia vijijini kununua mpunga wenyewe, cash mkononi. Mimi eneo langu lilikuwa Makwale.

Siku moja namwaga gunia mashineni, ukadondoka mfuko wa nailoni umejaa noti. Gunia lilifungwa kwa kamba ya mgomba, nikajua ni la mzee fulani mteja wangu, yeye peke yake ndiye aliyefunga hivyo. Benki yake ilikuwa humo humo kwenye mpunga, akasahau.

Mwenzangu akasema hiyo riziki, tugawane. Nikakataa.

Lakini mvua zilikuwa zimekata njia, gari halipiti. Wauza ndizi walivuka kwa miguu, ila niliogopa kuwatuma wasije wakazila. Nikazificha, nikanyamaza, najiona mwaminifu kweli kweli.

Maji yalipopungua nikaenda. Mzee akapokea kwa mikono miwili, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana. Halafu akakaa chini, akanieleza.

Alikuwa ameshamfukuza mkamwana wake, mke wa mwanawe, akidhani ndiye aliyeiba hela hizo.

Kwa msiojua, kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakaribiani wala hawaongei. Mzee alimtuma mkewe akamwambie afungashe. Mume yuko mbali kikazi. Yule dada akaondoka bila kupata pa kujitetea.

Nikamwambia mzee amfuate, amwombe radhi.

"Nitamwambiaje? Mimi na yeye hatuongei."

Basi nikaenda mimi, kwao huko Itungi. Nilimkuta anamenya ndizi, mtoto mgongoni. Nikaeleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo ulikuwa nazo muda wote huo?"

Nikasema ndiyo. Akaendelea kumenya. Makwale hakurudi tena.

Inaniuma mpaka leo, wakuu. Nilichojifunza ni kwamba kutunza hela ya mtu hakutoshi. Mwenyewe ajue mapema kuwa ipo, maana wakati wewe unaitunza, kuna mtu huko anaitwa mwizi.

Wale wauza ndizi ningewapa ujumbe tu, bila hela. Au nao wangemfikia mzee wakati yule dada ameshafukuzwa? Mngekuwa mimi mngefanyaje? Hata wa kunisema, karibuni.