Majani ya Mama na Buibui wa Serikali

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba kuna buibui akilala usiku mmoja shambani kwako, kukicha shamba ni la Serikali. Mimi, mhitimu wa kidato cha nne kwa masomo ya jioni! Baba mdogo ndiye aliyenipasha, baada ya dada mmoja mtafiti kupita kwenye mteremko wa mama, huku Litembo, akiinua majani na kuchungulia. Dada alisema anatafuta kabuibui kanakojulikana Tanzania peke yake, kadogo kama punje ya ulezi. Baba mdogo akaongezea yake: uzio, askari, na makaburi ya wazee kung'olewa.

Mwezi wa tatu ule nilikuwa nimefyeka mteremko mzima, hadi mgongo ukawaita watakatifu wote kwa zamu. Majani yalilala yakikauka, tuyapange miraba, mama ayafukie kwa udongo, ngoro, yaani mashimo ya kukinga maji, zipatikane, apande maharage. Bila majani hakuna ngoro. Mvua inashuka na udongo wote hadi Ziwa Nyasa.

Jumapili tulipotoka kanisani, mteremko ulikuwa mweusi. Baba mdogo amesimama na kiberiti, anatabasamu kama bwana harusi.

"Shikamoo, baba mdogo. Nini hiki?"

"Marahaba. Nimewaokoa."

Mama hakusalimia. "Shemeji, maharage nipande kwenye jivu?"

"Heri jivu lako kuliko shamba la Serikali."

Nikatazama ng'ambo ya kijito. Majani yake yeye yamelala salama, hata moshi haujayagusa. Damu ilinichemka, ungeweza kunisongea ugali kichwani.

"Kwako mbona hukuchoma?"

"Kwangu yule dada hakufika."

"Buibui ana miguu minane, baba mdogo! Kijito hicho kinamshinda?"

"Usinifokee, msomi wa jioni."

Msimu ule mama alivuna maharage ya kujaza kofia. Hadi leo nikipita kwa baba mdogo na kusikia harufu ya maharage yakichemka, nageuza njia.

Baada ya mavuno yule dada alirudi kwa bodaboda. Hata hajashuka nikamvaa: "Umeleta uzio?"

"Uzio wa nini?"

Nikamwaga yote: askari, makaburi, kiberiti, mama. Alinisikiliza hadi pumzi ikaniishia.

"Kaka, hakuna anayenyang'anywa shamba kwa ajili ya buibui," alisema. "Na huyo ninayemtafuta, hapa kwenu sikumpata hata mmoja."