Nilivyopandishwa Kizimbani kwa Viatu vya Mchuchumio

Mwanangu, iko asubuhi moja ya ujana wangu ambayo sijaisahau, wala sitaki kuisahau. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kwetu Kiranjeranje kuja Lindi kukaa na shangazi yangu, Bi Zuhura. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, ghafla tukaona maduka yamejaa mpaka vitu vinaning'inia mlangoni. Macho yalitutoka, nakwambia.

Dukani kwa Bwana Karim niliona viatu vyekundu vya mchuchumio, visigino virefu. Rafiki yangu alikuwa anaolewa Ijumaa. Somoe, msichana aliyeuza pale, alipogeuka kumhudumia mteja mwingine, nikavitia ndani ya buibui, nikaondoka. Kimoja kikaniponyoka mlangoni, ko! Bwana Karim akakitazama kiatu, akanitazama mimi. Nikacheka. Mpaka leo sijui nilicheka nini.

Nikapelekwa polisi, nikaandikiwa wizi. Shangazi alikuja kunidhamini. Hakunifokea; tulipofika nyumbani akanipakulia chakula, na wema ule uliniuma sana.

Siku ya kesi, nje ya mahakama ya mwanzo, bwana mmoja mwenye mkoba, aliyejiita mjuzi wa sheria, aliniita pembeni.

"Kataa, dada. Sema yule muuzaji ndiye aliyekupa. Atakushinda kwa lipi?"

Nikaona nimepona. Nikamkimbilia shangazi kumweleza. Naye, mwanangu, aliwahi kuwa mzee wa baraza, wale wanaokaa na hakimu kumshauri, katika mahakama kama ile. Mambo yale aliyajua.

"Kukana ni haki yako," akasema. "Kama hukuiba, kana, wao walete mashahidi, nawe uwahoji na ulete wako. Hakuna wa kukulazimisha kukiri. Sasa niambie mimi: uliiba, hukuiba?"

"Niliiba, shangazi."

"Basi Somoe anaingiaje? Ukimtaja, kesho hana kazi, na huenda akasimama hapo unapokwenda kusimama wewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamfuata Bwana Karim kwenye benchi, nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba." Nikamwomba radhi huku nalia.

"Mimi nimekusamehe, binti," akasema, "lakini shauri sasa liko kwa hakimu. Nitamwambia hivyo."

Na kweli akamwambia. Hakimu alisoma shtaka, akauliza kama ni kweli. Nikajibu, "Ni kweli." Akazungumza na wazee wake wa baraza, kisha akanitazama.

"Ningeweza kukufunga," akasema. "Lakini ni kosa lako la kwanza, umekiri, na mali imerudi kwa mwenyewe."

Akaniachilia kwa sharti kwamba miezi kumi na miwili nisitende kosa lolote. Nikitenda, nitarudishwa niadhibiwe na kwa lile la viatu. Miezi ile nilitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Somoe nilimweleza mwenyewe uongo niliotaka kumsingizia. Alininunia wiki nzima, kisha akanisamehe. Leo tuna banda letu la chakula Nangurukuru, na kila abiria mwenye mchuchumio akishuka kwenye basi, Somoe hunikanyaga mguu kwa makusudi. Tunacheka mpaka wateja wanatushangaa.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Likikufika la polisi, usikimbie wala usijibizane. Uliza unashtakiwa kwa kosa gani, omba watu wako waitwe, omba dhamana, na siku uliyopangiwa ufike bila kukosa. Anayekuambia atakumalizia kesi mtaani, mpite. Kama hukutenda, simama useme hukutenda, hata sauti ikikutetemeka. Kama ulitenda, rudisha kilicho cha mtu, mwombe radhi, na usimburute mwenzako ndani ya kosa lako. Hakimu halazimiki kukuonea huruma. Kosa la kwanza linaweza kukufungulia mlango, lakini usitegemee kuukuta wazi mara ya pili.

Mola akulinde na tamaa ya dakika moja, akujaalie mtu wa karibu wa kukuuliza swali la kweli, na ujasiri wa kumjibu. Riziki yako iwe ya halali, na usingizi wako uwe mtamu. Amina.