Hita Plagi ya Tatu

Mtaa mzima ulimwita Kamili, wala haikuwa sifa. Fundi huyu wa magari alikuwa na ugonjwa mmoja: kazi akishaianza haiachi mpaka iishe, hata kama mwenye gari ameshakata tamaa, ameshalala au ameshahama. Aliwahi kuitwa kubadilisha kioo cha pembeni, akaishia kushusha gia boksi, eti kasikia kitu kinalia. Nyumbani, mkewe alimpiga marufuku kugusa bomba la jikoni. Watu wangekula lini?

Asubuhi hiyo ya baridi kali, ugonjwa wake ulikutana na ugonjwa wa kweli. Mama yake alikuwa kiti cha nyuma cha gari la dizeli la familia, kajifunika shali, miguu imevimba hata viatu vimegoma kuingia. Figo zake zilikuwa zimestaafu bila kuaga, na damu yake ilisafishwa kwa mashine hospitalini. Ukichelewa, mashine anapewa mwingine. Safari iliyopita alichelewa kwa sababu ya gari hilihili, na sasa alikuwa akihema kama aliyepanda ghorofa mbio. Teksi nazo zilikuwa kwenye mgomo.

"Washa tena," Kamili alimwambia dada yake, aliyekuwa kwenye usukani.

Stata ikazungusha kwa nguvu zote. Injini haikushika. Nyuma ukatoka moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi.

"Mafuta yanafika, ila hayapati joto," alisema Kamili. "Hita plagi zimekufa. Zisipoipasha injini moto kwanza, dizeli ya baridi haishiki."

"Si juzi nilikuletea gereji, ukasema tatizo ni betri?"

"Uliniletea likiwa la moto! Ulilisukuma mteremkoni kwanza, sivyo?"

"Sasa ulitaka nije nalivuta kwa kamba kama mbuzi? Mbele ya mafundi wenzako?"

Balaa lilianzia hapo. Dada, kwa kuogopa kuchekwa, alilipasha gari moto kabla ya kulipeleka kwa fundi, kama mtu anayemmezesha mgonjwa dawa ya homa kisha anamwambia daktari ampime joto. Gari likawaka kwa mguso mmoja. Kamili akabadilisha betri, akafunga boneti, akajisifu.

Jirani mmoja, mzee mstaafu, akajitokeza na tambara lililolowa petroli. "Weka hili kwenye njia ya hewa, fundi. Litawaka tu!"

"Litawaka kweli, mzee wangu. Gari, mimi, na hizo ndevu zako."

Mzee akarudi nyuma hatua kadhaa, akishikilia kidevu.

Kamili akafungua kibati kinachounganisha plagi zote nne, akachukua taa ya kupimia. Waya kwenye chanya ya betri, ncha kwenye kichwa cha plagi; taa ikiwaka, plagi ni nzima. Ya kwanza, giza. Ya pili, taa ikang'aa. Ya tatu, giza. Ya nne, giza. Kwenye sanduku lake plagi mpya zilikuwepo. Ya kwanza ikatoka, ya nne ikatoka, mpya zikaingia.

Ya tatu ikagoma.

Akakaza mkono. Chuma kikalia, *kriik*. Jasho likamtoka kwenye baridi ile. Ikikatikia ndani, itabidi kichwa cha injini kishushwe, na leo hakuna safari. Ili ilegee, injini ipate moto. Ili injini ipate moto, iwake.

"Unafanya nini wewe?" dada alifoka. "Mama anabadilika rangi!"

Kamili akaachia spana. Akarudisha kibati. "Jaribu na hizi tatu nzima."

Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikatapika moshi. Ikashika! Ikabaki inachechemea kama kiti chenye mguu mfupi, lakini inanguruma.

"Ikipata moto kidogo nitaing'oa hiyo," Kamili alisema, macho kwenye plagi ya tatu, spana imerudi mkononi. "Dakika chache tu, mama. Siwezi kuacha kazi nusu."

Kutoka kiti cha nyuma ikaja sauti iliyokatwakatwa na pumzi.

"Mwanangu. Mimi figo zangu zote mbili zimekufa, na safari naenda. Hilo gari limefiwa na moja tu, linataka matanga?"

Kamili akaitazama plagi ya tatu kwa mara ya mwisho. Halafu akafunga boneti kwa kishindo na kuingia ndani. Mama akampokonya spana, akaitia kwenye mkoba wake.

Walifika muuguzi akiwa ameshamwita mgonjwa mwingine, lakini huyo alikuwa bado anavua koti. Mama akakaa. Mirija ikaunganishwa, damu ikaanza kuzunguka, na polepole mabega yake yakashuka.

Kamili alikuwa ameinama kando ya mashine.

"Sista, hii taa ya kijani huwa inacheza hivi?"

"Mtoeni nje," alisema mama, bila kufungua macho.