Kidole Kisichokwenda Likizo

Kwa miaka mitatu niliamini, kwa akili zote nilizopewa na gumbaru, shule ya jioni ya watu wazima, kwamba mashine ya alama za vidole iliyo langoni pa ghala letu la chai, huku Changamwe, humsahau mtu aliyepumzika. Ukikosa siku tatu mfululizo, yasemwa, inakufuta. Ukirudi ukabonyeza, inakukana. Ushahidi tulikuwa nao. Mpakiaji mmoja alikwenda likizo ya wiki tatu kwao Kilifi. Asubuhi aliyorudi, mashine ilimkataa mara saba. Mimi nikisimulia husema sabini. Sote tuliikodolea macho mashine. Akaitwa ofisini, na ghalani hatukumwona tena.

Basi mimi likizo nikaiacha. Umri wangu si wa kuanza tena kuzunguka na bahasha ya vyeti; darasani kwenyewe nilimzidi mwalimu kwa mvi. Kidole gumba changu cha kulia kilipata malezi ambayo wanangu hawakuyapata. Hakikumenya kitunguu, hakikugusa sufuria, kilipakwa mafuta ya nazi kama bibi harusi. Hata Jumapili, siku yangu ya mapumziko, nilitoka kwangu Magogoni hadi Changamwe nikabonyeze tu, nisikie ile sauti ya mwanamke ndani ya mashine ikinishukuru kwa Kizungu, kisha nirudi.

"Baba watoto," mke wangu akaniuliza, "huyo anayekuita kila Jumapili hana kwao?"

Nilicheka. Lakini kope la jicho la kushoto lilikuwa limeanza kurukaruka lenyewe, na safu moja ya magunia niliihesabu mara tatu nikapata majibu matatu. Chakula kilinishinda. Nikikaa, moyo unakwenda mbio. Nikisimama, usingizi unanichukua. Nikajiambia mwezi ujao nitazoea. Nilijiambia hivyo miezi mingi.

Kazi yangu ni ukarani, na sehemu yake moja haina mchezo: natazama chini ya mzigo, nikiona pako wazi nainua mkono, na dereva wa foklifti anashusha. Alhamisi moja, saa nne asubuhi, niliinua mkono nikiwa usingizini, wima kama mlingoti. Chini ya mzigo mpakiaji alikuwa amechutama akifunga kamba ya kiatu.

Dereva alikiona kiatu. Akakaza breki, mzigo ukaning'inia juu ya mgongo wa mtu. Ulikuwa tani moja. Mimi niliona ghorofa. Mpakiaji akatoka taratibu, akajipangusa vumbi, akamalizia kufunga kamba ya kiatu. Afadhali angenitukana.

"Ewe msomi wa gumbaru!" dereva akaruka chini. "Umelala?"

"Sijalala."

"Macho umefumba, mkono juu. Hiyo ilikuwa nini, dua? Wallahi ungetuulia mtu! Mara ya mwisho ulipumzika lini?"

Nikamweleza habari ya mashine na Jumapili zangu. Nilingoja anicheke. Akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Mimi huja Jumamosi."

Tukaongozana hadi kwa mama wa ofisi ya wafanyakazi. Njiani nilihesabu hatua kama mtu anayepelekwa kunyongwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmepauka?"

Nikamwambia yote, Jumapili zangu, mzigo, kiatu, na ule mkono wangu. "Nataka likizo, mama. Nikirudi mashine ikinikataa, basi, nimeridhika. Nisije nikaua mtu."

Akavua miwani, hakucheka.

"Mashine haimsahau mtu hata akikaa mwaka. Yule mwenzenu wa Kilifi alikwenda kwao akabangua korosho, mafuta ya maganda yakamchubua vidole vyote. Tulimwandika kwa mkono mpaka ngozi ikarudi, kisha akaomba kuhamia ghala la Jomvu, ni karibu na kwake. Yuko huko, na likizo ameshakwenda tena mara mbili. Hizo siku ni zenu, hamuombi hisani. Jazeni fomu. Wewe karani, anza kesho. Na Jumapili pia usije."