Lango la Kijani la Mzee Njoroge

Naikumbuka bado asubuhi niliyotoka Kiganjo, hapa Thika, bila mpango wowote. Nilikuwa na miaka ishirini, shule nilishaiacha zamani, na mfukoni nilikuwa na kipande cha sabuni na nauli ya kufika Ruiru. Nilishuka huko kwa sababu tu niliona wanaume wakikimbia kwa mstari kando ya barabara, wakiimba, buti zikipiga pamoja. Walikuwa wa kikosi maalum cha polisi, kile kinachoitwa kusaidia wengine wakishindwa. Hicho hicho unachokililia wewe, mwanangu.

Niliwafuata hadi kambini kwao. Mlinzi akanicheka.

"Unataka kuingia? Kwanza uwe polisi wa kawaida, halafu wakuchague. Hebu muulize yule fundi wa viatu. Alikuwa mmoja wao."

Mzee Njoroge alikuwa ng'ambo ya barabara, akishona soli. Nilimweleza yote: najua kukimbia, siogopi mtu, na sina pa kulala. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akanipa stuli yake.

"Unaona lile lango la kijani? Kaa hapa. Nikirudi utaniambia nani ameingia na nani ametoka. Usiinuke."

Nikacheka moyoni. Hii nayo ni kazi? Nilikaa kama nusu saa. Akatoka mama mmoja na kikapu, nikamweka akilini. Halafu akapita mtu akivuta bata mzinga kwa kamba, mwanangu, bata mzinga mzima, naye hataki kwenda! Nilitaka tu kujua anapelekwa wapi. Nikafuatana nao hadi kwenye kona, nikauliza, nikasaidia kusukuma, nikarudi mbio.

Mzee alikuwa amesimama kando ya stuli.

"Nani ameingia?"

"Hakuna, mzee. Ni mama mmoja tu ametoka."

"Haiya! Na bata?"

"Anapelekwa harusini, huko Theta."

Alicheka hadi akafuta macho. Kisha sauti yake ikashuka.

"Aliyeingia ni mimi, godoro kichwani. Godoro, kijana! Wewe si mwoga, nimeona. Lakini sisi tulikuwa tunalala kwenye nyasi siku nzima tukitazama mlango mmoja, na siku nyingi haukufunguliwa. Mwenzetu mmoja hakurudi kwake kwa sababu mtu aliinuka."

Hakusema ni nani aliyeinuka. Na mimi ninayeuliza kila kitu, siku hiyo sikuuliza.

Godoro lile alikuwa ameniletea mimi. Alinipitisha kwenye lango lile lile, kumbe la kwake, akanionyesha chumba kidogo kilichonukia rangi ya viatu. Nikaweka sabuni yangu dirishani. Sikurudi tena kambini, nilibaki kwa mzee, ila kila askari wale walipopita wakiimba niliinuka kuwatazama, na hadi leo nikisikia buti zikipiga pamoja, moyo hukimbia nazo.

Sikukatazi, mwanangu. Mbio unazo, kifua unacho. Lakini kabla hujaenda, jaribu kwanza kukaa mahali pamoja kutwa nzima, ukitazama kitu kisichokufurahisha, kwa ajili ya mtu asiyekuona. Ukiweza, nenda. Ukishindwa, rudi uniambie, sitakucheka. Mungu akupe miguu inayotulia, na popote utakapofika akuwekee mtu wa kukubebea godoro, hata kama macho yako yatakuwa yameenda na bata.