Namba Iliyochorwa kwa Nguzo za Kapseret

Kosa lilikuwa langu, sitazunguka. Mimi ndiye nilienda ofisi ya simu nikafunga laini ya nyumbani kabla faiba haijaingia. Na niliifunga nikiwa nimechana nywele, nikijiona mwanaume wa maana.

Wiki hiyo watu wa faiba walikuwa wamefika huku kwetu Munyaka. Walikuwa wanavuta ile waya yao nyembamba kwa nguzo za barabara, na mimi nawafuata nyuma kama kuku ameona mtu wa mahindi. Nilikuwa nataka hiyo intaneti vibaya. Nilikuwa natengeneza video za kuchekesha, na bando zilikuwa zinaisha kabla hata mtu mmoja acheke.

Mzee wangu alikubali, lakini akaweka sharti.

"Leta hiyo faiba yako. Lakini namba ya simu isipotee."

"Mzee, namba ni namba tu. Watakupea ingine tamu zaidi."

"Nimesema isipotee."

Sasa lazima ujue kazi ya Mzee. Yeye hupandisha ng'ombe. Fahali hana, ana mbegu za fahali kwa mirija midogo ndani ya mtungi wa baridi, na huo mtungi anaubeba kwa pikipiki akizunguka Kapseret yote. Watu wanamwita Daktari. Ng'ombe akiingia joto anaanza kulia na kupanda wenzake, na hapo una masaa machache tu. Ukichelewa unangoja wiki tatu ndio arudi tena.

Kwa hivyo kila boma Mzee akiingia, akimaliza kazi anaomba msumari na kuchora namba ya simu ya nyumbani kwa nguzo ya zizi. Ile ya mkononi hapeani. Saa ya kazi mkono mmoja uko ndani ya ng'ombe hadi kwa bega, na ule mwingine umeshika mrija. Ataishika na nini, na meno? Simu ya nyumbani inashikwa na Mathe, mama yangu. Anaandika kwa kitabu ni nani, ni wapi, na ng'ombe alianza kulia saa ngapi. Mzee akirudi, orodha iko tayari. Siku moja nilimuuliza kwa nini asichapishe kadi kama watu wengine.

"Kadi ng'ombe anakula," akaniambia. "Nguzo haiendi mahali."

Fundi wa faiba alituambia wazi kabisa: "Msiguse laini ya zamani. Tutaihamisha ikiwa hai, na namba itakuja nayo." Masikio yangu yalisikia, lakini kichwa kilikuwa na mipango yake. Nilifikiria ni kama kuhama. Nimewahi kukaa Huruma nyumba mbili tofauti za kupanga, na ilikuwa lazima urudishe ufunguo wa ile ya zamani ndio mambo yaende. Basi nikachukua kitambulisho cha Mzee, kile alikuwa amenipea nijaze fomu ya faiba, nikaenda ofisi ya simu, nikasema nimetumwa kufunga laini. Nikaweka sahihi. Nikarudi nikipiga mluzi.

Siku hiyo simu haikulia. Kesho yake pia, kimya.

"Kwani ng'ombe wa Kapseret wote wameingia utawa?" Mathe akauliza.

Nilicheka sana. Halafu alipotoka nje nikainua simu nisikilize. Hakukuwa na mlio, hakukuwa na chochote. Nikairudisha polepole kama mtu amegusa maiti, na sikusema kitu.

Siku ya tatu asubuhi mama mmoja akashuka kwa bodaboda hapo kwa geti, na gambuti bado ziko na matope ya zizi.

"Mama, Daktari yuko hai?" akamuuliza Mathe hata kabla ya salamu.

"Yuko hai, anakunywa chai. Kwani?"

"Nimepiga simu juzi hadi kidole kikachoka. Inaniambia namba kama hiyo haiko! Nikasema basi, mzee wa watu ameenda."

Mzee akatoka na kikombe mkononi. "Ng'ombe alianza kulia lini?"

"Juzi, mchana."

Mzee akaangalia chini. "Juzi. Basi imepita, mama. Ni kungoja wiki tatu."

Yule mama hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu huyo ndiye ng'ombe wake mmoja, na maziwa yake ndiyo hulisha nyumba. Nikaona nikinyamaza tena nitakuwa mtu mbaya kabisa.

"Mzee, ni mimi. Nilienda nikafunga laini."

"Usiniambie mimi. Mwambie huyu mama, na umwangalie."

Nikamwambia. Akanipima kutoka kwa patipati hadi kwa nywele.

"Na huyu ulimsomesha, Daktari?"

"Nilijaribu. Alikwama darasa la nane."

Asubuhi iliyofuata tulikuwa ofisini, mimi na Mzee, kabla ya mlango kufunguliwa. Dada wa kaunta akabonyeza kompyuta yake.

"Hii namba ilifungwa na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi," Mzee akasema.

"Na hii sahihi ni ya nani?"

"Ya huyu msanii."

Dada akaniangalia, akajaribu kutocheka, akashindwa. Halafu akatueleza. Namba ikifungwa hukaa kando kwa muda, kisha mtu mwingine anapewa. Yetu ilikuwa bado haijapewa mtu. Angeandika ombi irudishwe, lakini hawezi kuahidi.

"Nipeeni hadi Ijumaa. Na ikirudi, tafadhali, huyu kijana asiguse kitu."

Nje, Mzee akavaa helmeti bila haraka. Mimi nilikuwa nangoja matusi.

"Kwa hivyo laini haiko," akasema.

"Haiko, Mzee."

"Basi laini ni wewe."

Nilidhani ni mzaha. Kesho yake alfajiri nilikuwa Kapseret kwa baiskeli, baridi inaniuma masikio, nikibisha boma kwa boma.

"Hamjambo? Mimi ni simu ya Daktari. Kuna ng'ombe amelia hapa?"

"Ati simu!" mzee mmoja akaita bibi yake. "Njoo uone, simu imekuja na miguu!"

"Inakunywa chai?" bibi akajibu kutoka jikoni.

"Inakunywa, mama," nikasema. "Na ukiwa na viazi inakula."

Nilizunguka hivyo asubuhi na jioni. Nilijifunza kuuliza ng'ombe alianza saa ngapi, maana akianza asubuhi anapandishwa jioni. Nilijifunza kuangalia ute, na kujua yule amesimama akipandwa na yule anacheza tu. Jioni nikirudi Mathe alikuwa ananingoja na kitabu chake, ananihoji kama askari.

Lakini kitu kilinimaliza ni zile nguzo. Kila zizi niliingia, namba yetu iko hapo. Boma moja walikuwa wamepaka nguzo rangi ya kijani, wakazungusha brashi vizuri wakaiacha namba peke yake. Kwingine nguzo ilikuwa imeoza wakaweka mpya. Lakini kile kipande cha zamani kilikuwa na namba walikikata na msumeno, wakakipigilia kwa hiyo mpya. Nilisimama hapo nikashika baiskeli. Hii namba ikipewa mtu mwingine, nilijiuliza, nitafuta nguzo ngapi mimi? Na nitawaambia nini hawa watu wananipea chai?

Ijumaa mchana dada wa kaunta alimpigia Mzee. Namba ilikuwa imerudi.

Fundi wa faiba alikuja Jumamosi. Akapigilia kisanduku cheupe kwa ukuta, akachukua ile simu yetu nzee akaichomeka nyuma yake, kwa tundu moja dogo. Akanionya stima ikipotea na simu itazima, kwa hivyo nitafute betri ndogo ya hicho kisanduku. Hiyo nilisikia na masikio na kichwa pia, na Jumatatu betri ilikuwa hapo. Mathe aliinua simu, akasikiliza ule mlio mrefu, akairudisha, akainua tena, akausikiliza tena.

"Mathe, utaumaliza," nikamwambia.

"Nyamaza, wewe laini ya zamani."

Jumanne asubuhi ikalia, na Mathe alikuwa ameanika nguo nje. Nikaishika mimi.

"Hapo ni kwa Daktari wa ng'ombe?" Ilikuwa sauti ya kijana, sijawahi kuisikia. "Ndio naanza kufuga, niko na mtamba mmoja. Namba nimeiona kwa nguzo ya jirani."

"Ndio hapa." Akanipea jina na boma. "Ameanza kulia saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, kabla kukuche."

"Akipandwa anasimama ama anakimbia?"

"Anasimama tu."

"Sawa. Tuko hapo jioni, saa kumi. Mpatie maji, mfunge kwa kivuli, na utafute msumari."

"Msumari wa nini?"

"Utaona," nikamwambia, nikavuta kitabu nikaandika.